Mkono wa Kuongeza

Jumatatu, tarehe 2

Daktari amenikataza spana, hakunikataza kalamu. Basi naandika. Bega la kulia, anasema, limechakaa kwa kuvuta, nilipumzishe mpaka mvua zianze. Mimi sijui mtu anapumzishaje bega. Lipo tu, linanifuata kila niendako.

Mume wangu aliposikia alitikisa kichwa, basi. Yeye si msemaji. Wenzake wanamwita Kisiki, na si kwa sababu ya kazi yetu peke yake.

Kazi yetu ni hii: watu wakishakata mti, sisi tunakuja na mashine kusaga kilichobaki ardhini. Yeye anaendesha, mimi natunza meno. Gurudumu la mashine limezungukwa na meno, kila jino limefungwa kwa bolti, na ncha zake ni za chuma kigumu cha kijivu. Zikiwa kali, mzizi unakatika kama sabuni. Zikiwa butu ni kelele na moshi tu. Kuyanoa, kuyageuza, kuyabadilisha, kuyakaza, yote hayo ni yangu tangu mashine hii ikiwa ngeni bandani. Mtaani naitwa Mama Meno. Kuna mzee mmoja aliwahi kuja hapa ameshika shavu, akaniomba nimng'oe.

Kesho kutwa mdogo wangu anahamia kwetu. Mwenyezi Mungu anipe moyo mpana.

Jumatano, tarehe 4

Amefika. Begi moja la nguo, na sanduku la vifaa zito kuliko begi. Karakana ya matairi aliyokuwa akifanyia kazi imefungwa, mwenye nyumba yake naye kamtoa, na watoto wetu wameshaondoka, vyumba vipo. Nimemtandikia chumba cha nyuma.

Huyu ndiye kitinda mimba wetu, niliyembeba mgongoni hadi nikawa natembea kibiongo. Aliachika zamani, hakuzaa, na kiuno chake bado kipo pale Mungu alipokiweka. Changu sijui kilikwenda wapi.

Jumamosi, tarehe 7

Tumepata kazi kubwa. Mikaratusi yote iliyouzunguka uwanja wa shule ya jirani imekatwa, na visiki vyake vinatakiwa viishe kabla ya mvua, maana shule ikifunguliwa watoto watauhitaji uwanja, na udongo ule ukilowa mashine itazama kama nyati. Msimamizi wa shule kasema wazi: mkishindwa, naita wengine.

Nikaanza kuwaza nitayapangaje meno kwa mkono mmoja. Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Akasema, bila kuniangalia, kwamba shemeji atashika spana.

Hakuniuliza. Alikuwa ameshaamua, na mdogo wangu alikuwa ameshajua, kwa sababu hakushtuka. Alisema tu, "Kama dada ataniruhusu." Ningesema nini? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimempa jembe. Naona macho yake yako kwenye shamba.

Jumanne, tarehe 10

Jua kali. Vumbi hadi kwenye sukari.

Alhamisi, tarehe 12

Nimemfundisha. Asije mtu akasema sikumfundisha.

Kwanza, nilimwambia, unatoa ufunguo wa mashine na kuutia mfukoni mwako, si mfukoni mwa mtu mwingine. Kisha unasugua kiti cha jino kwa brashi ya waya, maana punje moja ya mchanga chini ya jino inatosha kulifanya licheze. Jino lililopata moto kwenye jiwe la kunolea huliingizi majini hata likuunguze vidole. Ncha itapata ufa usiouona, na kesho yake itabaki ardhini. Na kamwe usiweke jino moja jipya kati ya makuukuu. Jipya limesimama juu ya wenzake, kwa hiyo kila pigo linalikuta lenyewe kwanza, nalo halimalizi siku.

Alisikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza, ananiitikia ndiyo dada, ndiyo dada. Halafu akafungua sanduku lake na kutoa spana ya kipimo. Unazungusha kitako chake hadi kwenye namba unayotaka, unakaza, na ikifika inasema tak, basi, inakuachia. Mume wangu aliichukua akaigeuzageuza. Akakaza bolti moja, ikasema tak. Akalegeza, akakaza tena, tak. Mtu mzima na mvi zake.

Mimi sina spana inayosema. Mimi nina mkono, na bomba la chuma ninalochomeka kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu. Miaka yote hiyo bolti zangu hazikuwahi kulegea, na hakuna aliyewahi kuugeuzageuza mkono wangu akiushangaa.

Jumapili, tarehe 15

Leo tulikwenda kusali kwa pikapu. Nilipopanda nikakaa kwenye kiti changu, miguu haikufika chini vizuri. Kiti kimesogezwa nyuma. Siku zote hizi mdogo wangu ndiye anayekwenda kazini na mume wangu, na ana miguu mirefu kama ya korongo.

Nilikivuta mbele kikagoma. Mume wangu akainama, akavuta kijiti cha chini, kikasogea, akaendelea kuendesha. Kwake lilikuwa jambo la kiti.

Mahubiri yalihusu shukrani. Sikusikia kitu.

Jumanne, tarehe 17

Walirudi kutoka kazini wakicheka. Mpiga koleo, yule anayekusanya maranda ya visiki, alikuwa kakaa nyuma ya pikapu na yeye pia anacheka. Niliuliza kulikoni, wakaanza kunieleza wote kwa pamoja. Ilikuwa habari ya mbuzi aliyekuja kula maranda akapaliwa, na ilipofika kwangu ilikuwa imekwisha utamu. Vichekesho vya watu waliokuwepo havifiki nyumbani vikiwa hai.

Wakati wa kula mume wangu alisema mashine imetulia. "Imetulia sana siku hizi." Nikashika kijiko changu. Mwanamume huyu siku ya harusi yetu aliulizwa anaionaje harusi, akasema ipo. Leo anasema sana.

Alipoinua kikombe nikakiona kidole gumba chake cha mkono wa kulia. Kina rangi nyekundu. Si damu wala si udongo, inang'aa. Rangi ya kucha.

Jumatano, tarehe 18

Sikumwuliza. Nimefunga leo, chakula na maneno.

Alhamisi, tarehe 19

Fundi cherehani wa ng'ambo ya njia ni mwanamke mwenye macho mawili mbele na mengine sijui ameyashona wapi. Nilimpelekea gauni la kupunguza. Akanipima huku ana pini mdomoni, akaniambia, "Mama Meno, shemeji Kisiki siku hizi ana kicheko. Nilikuwa sijui kwamba ana meno ya mbele." Nikamwambia kazi inakwenda vizuri. Akasema ndiyo, kazi ikishikwa na mkono mpya huwa inakwenda. Kisha akanichoma pini, akaomba radhi.

Nikiwa narudi nikapitia bandani. Kwenye rafu, kati ya kopo la grisi na brashi ya waya, kuna kichupa cha rangi ya kucha. Chekundu. Nilikifungua nikanusa, kama vile harufu ingeniambia kitu.

Nitasema ukweli hapa, kwa sababu mahali pengine siwezi. Namwonea wivu mdogo wangu. Si wivu wa ujana, wa kushikana nguo. Siamini kwamba amemgusa mume wangu, wala mume wangu si mtu wa hivyo. Ni kwamba anakaa pangu. Anakaa kwenye kiti changu, anashika meno yangu, anachekesha watu wangu, na hakuna kilichoharibika. Ndicho kinachoniuma. Nilitegemea kitu kiharibike.

Ijumaa, tarehe 20

Leo nimeamka kabla ya alfajiri. Nilisali, kisha nikachukua kurunzi na spana yangu ya zamani nikaenda bandani, nikazikagua bolti zake moja baada ya nyingine. Nilitumia mkono wa kushoto.

Zote zimekaza. Zimekaza sawasawa, kama alizikaza mtu mmoja kwa pumzi moja. Na mimi, Mungu aliye juu ananiona, nilisikitika. Nilisimama pale nikasikitika kwamba mashine ya mume wangu ni salama.

Nikachomeka bomba kwenye spana, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Bolti ikaenda kidogo. Nikaenda kwenye nyingine. Nazo zikaenda kidogo kidogo, huku zinalia.

Kwenye chai nikasema kwa sauti ya upole, ile sauti ambayo watoto wangu waliiogopa kuliko fimbo, kwamba nimepita bandani nikakuta bolti mbili zimelegea, lakini nimeshazikaza. Mdogo wangu aliweka kikombe chini. "Ahsante dada," akasema. "Nitakuwa makini." Mume wangu alimtazama. Mtazamo mfupi tu. Nilikunywa chai ile ikashuka kama asali.

Jumatatu, tarehe 23

Bandani tena. Nimesema moja ililegea. Joto.

Jumatano, tarehe 25

Bandani. Bega linauma lakini silisemi, maana nikilisema nitaulizwa nilikuwa nafanya nini nalo. Mkono wa kushoto peke yake hautoshi tena. Bolti zake siku hizi ni ngumu. Inabidi niegemee mpaka niuone ukuta unayumba.

Leo kurunzi iliangukia nyuma ya gurudumu, nikaona huko kwenye ncha za bolti kuna matone mekundu. Rangi yake ya kucha. Yaani mtu anakaza meno ya mashine inayoweza kuua huku anajipaka kucha. Nilitaka kumwita mume wangu pale pale aje aone mfanyakazi wake wa kusifiwa. Nikajizuia. Nikasema niiweke akiba.

Jioni nilimtazama mikono kwa makini. Kucha zake zimekatwa fupi kama za mwanamume, na hazina rangi yoyote. Nadhani anaifuta asubuhi.

Ijumaa, tarehe 27

Mawingu upande wa mashariki. Visiki vya uwanjani vimebaki vya upande mmoja. Wanasema wakifululiza wataiwahi mvua. Mdogo wangu amekonda. Wakati wa kula aliniuliza kama bolti za leo zilikuwaje. Nikamwambia afadhali, lakini bado. Akainamisha kichwa.

Zamani, nilipokuwa namfunza kufua, alikuwa akiniletea nguo niikague, nikisema bado anairudisha kwenye beseni bila kunung'unika. Sijui kwa nini nimekumbuka hilo.

Jumatatu, tarehe 30

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye honi.

Ilikuwa mchana, napepeta mchele uani, nikasikia honi ya pikapu yetu imeshikiliwa bila kuachiwa. Nikatoka mbio na ungo mkononi. Aliyekuwa anaendesha ni mdogo wangu. Mume wangu alikuwa upande wa pili, kwenye kiti changu, kimesukumwa nyuma kabisa, mguu umenyooshwa. Muundi umefungwa kitambaa cha kichwa cha mdogo wangu, kile cha maua, na maua yote yamekuwa rangi moja.

Nitaiandika hii kwa sababu Mungu aliiona. Kabla sijaogopa, kabla sijajua kama mume wangu mzima au anakufa, nilichokiona kwanza ni kitambaa chake kwenye mguu wa mume wangu. Nilikiona hicho, kikaniuma. Hofu ilikuja baadaye, ikakuta nafasi imeshachukuliwa.

Mdogo wangu hana kitu kichwani, nywele zimejaa maranda. Akasema, "Panda dada, haraka. Amekataa kushonwa mpaka tukupitie." Nikapanda na ungo wangu.

Njiani alinieleza. Walikuwa kwenye kisiki kikubwa cha kona, gurudumu likapiga mzizi mnene, pakasikika mlio kama kijiti kinavunjika, na jino likaruka. Pazia la mpira la mashine lililipunguza kasi, lakini jino lilipita chini yake, likamkata mume wangu juu kidogo ya buti, kisha likaenda kugonga ukuta wa darasa. Mpiga koleo alikuwa ameondoka hapo muda si mrefu kwenda kunywa maji.

"Ni bolti," akasema. "Nilikaza mimi." Alisema hivyo mara kadhaa, hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mguu umeshonwa. Mfupa haukuguswa, mganga wa zahanati kasema ni bahati. Mimi najua bahati ina jina jingine, nikamshukuru Mwenyewe. Mume wangu alinishika mkono wakati wa sindano, akanibana hadi pete ikaacha alama. Hakusema kitu. Na mimi nilikuwa na la kusema, nikanyamaza pia, kwa sababu nilijiambia kwamba sina hakika.

Jumanne, tarehe 31

Sasa nina hakika.

Msimamizi wa shule alikuja asubuhi, viatu vyake vimejaa vumbi. Si mtu mbaya. Alimpa pole mume wangu, akakaa ukingoni mwa kiti, kisha akasema kama shule ingekuwa imefunguliwa na watoto wamo darasani, leo tungekuwa tunazungumzia msiba. Kazi tunaweza kumaliza, lakini aliyekaza bolti ile hataki kumwona karibu na mashine. Akauliza ni nani.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. "Ni mimi," akasema.

Msimamizi akamshukuru kwa kusema kweli, akaondoka. Nikasikia mlango wa chumba cha nyuma, kisha zipu ya begi.

Nilikwenda bandani. Kiti cha lile jino kiko wazi, na kipande cha bolti kimebaki ndani, kimekatika. Nikakitoa taratibu kwa plaizi, nikakipeleka kwenye mwanga wa mlango.

Nimeziona bolti nyingi zilizokufa. Bolti iliyolegea inakufa kwa kucheza: mistari iliyochongwa kuizunguka inalika, tundu lake linapanuka na kuwa kama yai, na kunakuwa na unga wa kutu pembeni. Hii tundu lake lilikuwa duara safi. Mistari yake ilikuwa mizima. Na pale ilipokatika, shingo ilikuwa imekonda, imevutika kama peremende mtoto anapoivuta kwa meno. Bolti ya namna hiyo imekufa kwa kukazwa, na kukazwa tena, na kukazwa tena, mpaka ikachoka kuvumilia.

Niligusa za jirani yake. Nazo zimekonda.

Nilikunja mkeka nikauweka chini nipige magoti nisali. Nikaanza. Nikafika mahali pa kuomba msamaha nikakwama, maana chumba cha nyuma nilisikia sanduku la vifaa linafungwa, na niliona wazi kwamba nilikuwa naomba Mungu amalize jambo ambalo ameniachia mimi. Nikainuka. Sala haikwisha. Naamini Mungu alinielewa.

Mume wangu alikuwa kitandani, mguu juu ya mito. Nikamwita mdogo wangu. Akaja na begi mkononi, nikamwambia liweke chini, hakuliweka. Nikafungua kiganja, kipande cha bolti kikiwa humo.

"Haikulegea hii," nikasema. "Ilizidishwa. Mimi ndiye niliyekuwa naizidisha. Kila alfajiri nilikwenda bandani na bomba langu, nikaongeza. Hakuna bolti yako hata moja niliyoikuta imelegea. Niliwadanganya."

Mume wangu aliangalia dari. Mdogo wangu aliangalia kiganja changu.

"Nilijua unaongeza, dada," akasema.

Nikamwuliza alijuaje.

"Alama. Kila bolti nikishaikaza naivutia mstari wa rangi ya kucha nyuma ya gurudumu, nusu kwenye bolti, nusu kwenye chuma kinachoishika. Ikisogea hata kidogo, mstari unapishana. Tulikuwa tunafanya hivyo kwenye matairi ya malori. Shemeji alinishikia taa siku ya kwanza nilipoipaka, akagusa rangi ikiwa mbichi." Akahamishia begi mkono wa pili. "Kila jioni nilikuta mistari imepishana, imekwenda mbele. Na wewe umeshasema zililegea. Nikajua spana yangu haitoshi, mkono wa dada unataka zaidi. Basi nikawa napandisha kipimo. Kila siku nilisema kesho nitakaza mpaka dada asipate pa kuongeza."

Nikakaa kitandani, nikaugonga mguu wa mgonjwa, akaguna. Kumbe sikuwa peke yangu kwenye bolti ile. Yeye alikuwa anaongeza ili nisiwe na cha kuongeza, na mimi naongeza ili niwe na cha kusema, na katikati yetu kipande cha chuma kisicho na kosa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nikuambie nini? Kwamba dada yangu hakubali kazi yangu? Si ulikuwa unaniambia kila asubuhi."

Kisha mume wangu, ambaye siku nzima hakuwa amefungua kinywa, akageuza kichwa kunitazama. Nilijua sasa linakuja, na nilikuwa tayari kulipokea.

"Kwa hiyo," akasema, "bega hukulipumzisha."

Mdogo wangu ndiye aliyeanza. Alicheka huku analia, begi likamwanguka. Mimi nililia tu. Kicheko nimekiweka kwa ajili ya siku nyingine.

Jumatano, tarehe 1

Nilikwenda shuleni kwa miguu. Nimemwambia msimamizi kwamba asiyetakiwa karibu na mashine ni mimi. Alinitazama, mwanamke wa makamo na mkoba wa kwenda kusalia, akauliza kama nimetumwa nimtetee mdogo wangu. Ikabidi nimwonyeshe bolti na kumweleza shingo yake hadi akaamini. Kukiri kosa ni kazi. Kukiri halafu usiaminiwe ni kazi mara mbili.

Kasema sawa. Bolti zote ziwe mpya, na mimi nikae nje ya kamba inayozungushiwa mashine.

Mume wangu bado hajasema zaidi ya lile la bega. Usiku alinyoosha mkono akaliweka sawa shuka begani mwangu. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Ijumaa, tarehe 3

Mawingu yamejaa. Mume wangu hawezi kukanyagia mguu, kwa hiyo mashine ataendesha mdogo wangu, na yeye atakaa kwenye kiti cha plastiki, nje ya kamba pamoja na mimi, amwelekeze kwa mkono.

Mtu akisoma hapa atadhani nimepona. Sijapona. Nilipomwona anapanda kwenye ile mashine iliyozimwa kujifunza, na miwani ya mume wangu usoni, nilitamani imdondoke. Fundi cherehani naye alikuwa njiani, akasema, "Sasa ameshika na usukani." Nikamwambia ndiyo, na anaujua. Akaomba nimrudishie lile gauni, alikuwa amelipunguza kupita kiasi.

Jumatatu, tarehe 6

Jana tulibadilisha kila kitu: meno yote, bolti zote, ili pasiwe na jino jipya kati ya makuukuu. Mimi nilikaa kwenye kigoda, kazi yangu ni kumpa jino, kupokea brashi, na kushika kichupa cha rangi. Alirudisha spana kwenye kipimo chake cha mwanzo. Akasugua viti vya meno mpaka chuma kikang'aa. Kila bolti ilisema tak mara moja, akaacha, nami nikaivutia mstari mwekundu, nusu hapa, nusu pale. Mistari yangu ya kwanza ilitoka minene. Akasema siyo mbaya, ila nisijaribu kumpaka mtu kucha.

Alipofika bolti ya mwisho, ikasema tak, akainua macho. Hakuwa anatania. Alinitazama vilevile alivyokuwa akinitazama zamani akiwa ameshika nguo inayochuruzika maji.

"Dada, utaongeza?"

Bomba langu lilikuwa limeegemea ukuta, karibu kabisa. Mkono ulishaanza kwenda, siwezi kusema haukuanza. Nikaurudisha, nikauweka juu ya kigoda, nikaukalia.

"Imetosha," nikasema. "Imekaza."

Leo asubuhi walikwenda uwanjani na manyunyu yameshaanza. Nami nilikwenda, nikasimama nje ya kamba na mwavuli juu ya kichwa cha mume wangu, tukaangalia kisiki cha kona kikigeuka maranda. Mvua kubwa ilishuka wakati mdogo wangu anazima mashine. Alikimbia nyuma ya gurudumu, akainama, akaikagua mistari yote huku maji yanamtiririka mgongoni. Kisha akaniinulia kidole gumba kutoka kule, chekundu.

Hakuna mstari hata mmoja uliosogea. Wakati wa kurudi kiti changu nilikuta bado kiko nyuma. Nimekiacha hivyo hivyo, miguu inaning'inia.